Daftari la madeni laingia kwenye kompyuta: shajara ya duka la mjomba, Majengo

11 Januari 2025: Zile alama mbili

Mjomba ana duka Majengo, Mombasa, jumla na rejareja: mchele, sukari, unga, mafuta ya kupikia. Madeni yote yanakaa katika daftari moja la jalada gumu, kurasa 200, linalolala chini ya mizani. Mwezi uliopita lilimwagikiwa chai ya rangi, kurasa nne zikafutika, na hakuna mdaiwa aliyekuja kujitaja. Ndipo nikaambiwa, "Wewe si umesoma? Yatie kwenye kompyuta."

Kusoma kwenyewe ni ile kozi ya pakeji niliyofanya baada ya kidato cha nne. Upande wa hesabu tulifundishwa siku tatu, tukachora ratiba ya masomo na kuipaka rangi ya njano, basi. Kwa hivyo naanza kwenye sifuri, na naandika hapa ili mwenye duka au mweka hazina wa chama akitaka kufuata njia hii, ayajue mashimo kabla hajatumbukia.

Gharama za kuanzia: laptopu ya mtumba 17,500, chaja nyingine 1,200, maana iliyokuja nayo ilikufa siku ya tatu, flashi 800. Programu ni LibreOffice Calc, ya kutengeneza majedwali ya hesabu (shiti), ambayo ni ya bure. Fomula nitakazotaja ziko pia kwenye Excel, na pale zinapotofautiana nitasema.

Nimeingiza wateja 43. Nilivyozoea kuandika bei kwenye karatasi ndivyo nilivyoandika: 3,500/=, 820/=, 1,240/=. Chini nikaweka =SUM(C2:C44), fomula ya kujumlisha safu. Jibu likaja 0. Nikafuta, nikaandika upya, 0 tena. Nikatoa simu, nikajumlisha kwa kikokotoo, nikaandika jumla pale chini kama mtu anayeiba. Mjomba akapita nyuma yangu.

"Sasa hiyo kompyuta ya nini, mwanangu? Ya kuangazia simu?"

Kosa ni zile alama /=. Ukiziandika, seli (kile kisanduku cha shiti) huhesabu kwamba umeandika maneno, na SUM hupita juu ya maneno bila kusema kitu. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: namba hujipanga kulia mwa seli, maneno kushoto, na zangu zote zilikuwa kushoto. Dawa ni kuandika 3500 tupu, na kama unataka shilingi ionekane, uiweke kwenye mpangilio wa seli. "Mifuko 2" nayo nimeipasua: 2 safu yake, mfuko safu yake.

Nimegundua pia kwamba kwenye Calc ukibonyeza Ctrl+F8, maneno yanakuwa meusi, namba buluu, fomula kijani. Sasa naibonyeza kabla ya kuamini jumla yoyote.

Mjomba aliuliza daftari hili litajaa lini. Shiti moja ina mistari 1,048,576. Kwa mistari 60 kwa siku, ni karibu miaka 48. Akasema atakuwa ameshalipwa na wote.

27 Januari: Majina yamehama, madeni yamebaki

Hii ndiyo aibu kubwa mpaka sasa, kwa hivyo naieleza yote.

Jana jioni nilitaka majina yafuate alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikabonyeza panga. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kupanua uteuzi au kubaki na nilichochagua. Nilikuwa na haraka ya kufunga duka, nikabonyeza kubaki. Majina yakajipanga vizuri sana. Nikahifadhi, nikazima.

Asubuhi akapita Mzee wa Kahawa, yule anayeuza kahawa chungu karibu na msikiti, dele mkononi na vikombe vinalia. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba deni lake ni 4,860. Mzee akaliweka dele chini. Hilo huwa haliwekwi chini mpaka anywe mtu.

"Mimi, mwanangu? Mimi nimechukua sukari kilo mbili."

Nami nikajibu jambo ambalo sitalisahau: "Kompyuta ndiyo inasema, babu."

Mjomba akafungua daftari la chai. 320. Lile 4,860 ni la mtu wa kibanda cha chakula, na yule wa kibanda kwenye kompyuta alikuwa hadaiwi hata ndururu. Watu wote 43 walikuwa wamebadilishana madeni, na hakuna seli iliyokuwa na alama nyekundu wala onyo. Kila namba ilikuwa sahihi, ila ni ya mtu mwingine.

Ctrl+Z haikunisaidia, maana historia ya kutendua hufutika ukifunga faili. Nimeandika upya kutoka kwenye daftari, saa tatu nzima. Gharama: kilo moja ya sukari kwa mzee, kuomba radhi, 160.

Nilichobadilisha:

Safu ya kwanza kabisa sasa ni namba ya mstari, 1, 2, 3, iliyoandikwa, si fomula. Nikivuruga mpangilio, naipanga shiti kwa safu hiyo na kila kitu kinarudi. Na kila jioni nahifadhi nakala kwenye flashi kwa jina kama madeni-2025-01-27. Mwaka ukitangulia, mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe.

9 Februari

Wiki mbili bila ajali. Nimejifunza IF, fomula ya "ikiwa hivi, fanya vile", na nimejifunza alama ya dola: $F$1 inamaanisha fomula ukiikopi kwenda chini, ile seli haisogei nayo. Kabla ya hapo punguzo la wanunuzi wa jumla lilikuwa linatoka sawa mstari wa kwanza, na mingine yote sifuri. Hili kila mtu hulipitia, sitakaa nalo.

18 Machi: Deni la siku ambayo haijafika

Ramadhani, na unga unatoka kama maji. Mjomba hukopesha kwa siku 30. Nikaongeza safu ya siku, =TODAY()-B2, nijue nani amechelewa. Mama Mahamri akatoka na −46.

Siku hasi arubaini na sita. Kwa maana hiyo amekopa unga wa ngano mwezi wa Mei, na sisi tuko Machi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba tarehe kwenye shiti ni namba iliyovaa nguo. Kompyuta huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900, au tuseme karibu na hapo. 5 Machi 2025 ni 45721. 3 Mei 2025 ni 45780. Mimi niliandika 5/3/2025 nikimaanisha Machi, lakini laptopu ilikuja na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Kwa hivyo tarehe zote za 1 hadi 12 ziligeuzwa kimyakimya, na kuanzia 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ziliachwa kama maneno. Ctrl+F8 ilinionyesha: nyingine buluu, nyingine nyeusi, safu ile ile moja. Wiki nzima sikuibonyeza kwenye tarehe kwa sababu nilidhani ni ya fedha tu.

(Kando kidogo. Excel inaamini 29 Februari 1900 ilikuwepo. Haikuwepo, 1900 haukuwa mwaka mrefu. Kosa lilikuwa kwenye Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na Excel ikalifuata makusudi ili mafaili ya zamani yasomeke. Calc yenyewe huanza kuhesabu 30 Desemba 1899, hivyo kutoka 1 Machi 1900 namba zao zinakutana. Mjomba hana mdeni wa 1900, kwa hivyo halituhusu, lakini limenifariji kwamba hata wakubwa hubeba makosa ya wenzao.)

Nimebadilisha mpangilio wa eneo uwe wa Uingereza, siku kwanza. Hiyo inasaidia utakayoandika kuanzia leo, yaliyokwishaingia hayaguswi. Kwa ya zamani nilitumia:

=IF(ISNUMBER(B2),DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)),DATEVALUE(B2))

Yaani, ikiwa ni namba, badilisha siku na mwezi mahali pao. Ikiwa ni maneno, yasome upya kuwa tarehe. Ilifanya kazi vizuri, mpaka nikaishusha hadi mwisho wa safu. Ile mistari 19 niliyokuwa nimeiandika baada ya kubadilisha eneo ilikuwa tayari iko sawa, nayo ikageuzwa. Nikawa nimenyoosha vilivyopinda na kupinda vilivyonyooka. Nilirudi kwenye nakala ya jana kwenye flashi na kuanza upya. Kazi hii ilinichukua kuanzia baada ya tarawehe hadi wapiga daku wanapita mtaani.

Atakayeiga: rekebisha kwenye safu mpya pembeni, usiandike juu ya ile ya zamani. Na ukimaliza tafuta siku hasi. Zikiwapo, bado.

13 Aprili: Bei ya jirani

Nimetengeneza shiti ya pili, Bei, yenye bidhaa 59, nimezipanga kama zilivyo rafuni. Kisha kwenye mauzo nikaweka VLOOKUP, fomula inayotafuta jina kwenye orodha na kuleta bei yake:

=VLOOKUP(C2,$Bei.$A$2:$C$60,3)

Kwenye Excel pale penye nukta baada ya jina la shiti panakuwa na alama ya mshangao, Bei!, na dola iliyo mbele ya jina haipo.

Nilijaribu kwa bidhaa nne, zote zikatoka sawa. Nikafurahi. Alhamisi mtu wa kibanda cha chakula Mwembe Tayari akachukua mifuko mitatu ya sukari ya kilo 50. Shiti ikasema 6,050 kila mfuko. Akalipa, akapakia kwenye tuktuk, akaenda. Bei yetu ni 6,500. Hasara 1,350. Nilitaka kumpigia simu, mjomba akakataa: "Bei tuliyomtajia ndiyo bei. Mwache."

Nimelisoma jambo hili kwa makini kuliko yote. VLOOKUP ina sehemu ya nne ambayo mimi niliiacha wazi. Ukiiacha, inadhani orodha yako imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, A hadi Z, kwa hivyo haipiti mstari mmoja mmoja. Inaruka katikati, inauliza "kubwa au ndogo?", inaruka tena. Kwenye orodha iliyopangwa kwa rafu inapotea njia, na isipokipata ulichotaka, inakupa kilicho karibu nacho. Inakupa bila kusema kwamba imekadiria. Zile bidhaa nne za majaribio zilikuwa bahati.

Dawa ni sifuri moja mwishoni: =VLOOKUP(C2,$Bei.$A$2:$C$60,3,0). Sifuri inasema: nataka hii hii, la sivyo niambie huna.

Nilipoiweka tu, shiti ikajaa #N/A, yaani haikupatikana, mistari 11. Nikadhani nimeharibu. Kumbe ndiyo ilikuwa inasema kweli kwa mara ya kwanza. "Mchele pishori" kwenye mauzo ulikuwa na nafasi moja tupu baada ya i ya mwisho, kwenye Bei haukuwa nayo. TRIM inaondoa nafasi hizo. Tangu siku hiyo sizichukii tena zile alama za kutisha. #N/A inapiga kelele hadharani. Ile 6,050 ilikuja imevaa kanzu safi.

Kuna pia INDEX na MATCH, ambazo zinakuruhusu kutafuta hata kama jina liko kulia mwa bei, jambo ambalo VLOOKUP haiwezi. XLOOKUP inafanya yote na haihitaji ile sifuri, lakini kwenye LibreOffice imeingia toleo la 24.8, na laptopu hii ina toleo la zamani zaidi. Nimebaki na VLOOKUP.

8 Juni: Saa za Kiswahili

Mjomba ameajiri mlinzi wa usiku, malipo kwa saa, 60. Mlinzi anaingia saa moja jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi.

Nikaandika kama tunavyosema: 1:00 na 12:00. Nikatoa: saa 11. Sahihi! Nikamwonyesha mjomba kwa madaha. Siku mbili baadaye akaja hamali aliyepakua mchele kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana: 4:00, 8:00, saa nne. Sahihi pia. Nikaona hakuna haja ya saa za Kizungu.

Kisha mlinzi akachelewa kutoka, akaondoka saa moja asubuhi. 1:00 hadi 1:00. Saa sifuri.

Nilikaa nikalifikiri hili nje ya duka. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapotua, kwa hivyo usiku mzima ni kipande kimoja, haukatiki popote. Inayokatika ni alfajiri na magharibi, ndipo namba hurudi moja. Saa ya kompyuta hukatika usiku wa manane, katikati ya zamu ya mlinzi. Kila saa ina mahali inapopasuka, na lazima uchague. Nimechagua ya kompyuta kwa sababu TODAY na vingine vyote vinaitumia: 19:00 hadi 6:00.

Sasa 6:00 kutoa 19:00 ni hasi. Dawa: =MOD(C2-B2,1). Hiyo inaongeza siku moja ikiwa zamu imevuka usiku wa manane, na saa za mchana haiziharibu.

Nikajumlisha usiku saba. Ikasema 5:00. Saa 77 ni siku tatu na saa 5, na mpangilio wa kawaida unatupa zile siku. Ukiandika mpangilio [HH]:MM, mabano yanazuia hilo, ikatoka 77:00. Nikazidisha na 60 nimlipe mtu. 192.50.

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni anasubiri.

Saa kwenye shiti ni sehemu ya siku. 77:00 kwa ndani ni 3.208, si 77. Zidisha kwa 24 kwanza: =E9*24*60, na mpangilio wa seli uwe namba. 4,620. Nimemlipa. Hakujua jinsi alivyoponea chupuchupu, na mimi sikumweleza.

3 Agosti: Nilipoficha makosa

Mwezi wa saba ulikuwa wa raha. Jedwali la pivoti ni jambo ambalo ningelianza mapema: unachagua data yote, unaburuta Mteja kwenye mistari, Kiasi kwenye thamani, Mwezi juu, na katika dakika moja una kile kilichokuwa kinamchukua mjomba Ijumaa nzima. Mambo mawili ya kujihadhari. Halijisasishi lenyewe, lazima ulibonyeze kulia na kuliambia. Na ukiongeza mistari chini ya eneo ulilochagua, haliioni.

Ilinifunulia pia kwamba Mama Mahamri tulikuwa naye watatu: Mama Mahamri, Mama Maamri na M. Mahamri. Sasa jina haliandikwi, linachaguliwa kutoka kwenye orodha. Kwenye Calc ni Data, kisha Validity. Kila mteja ana namba yake pia.

Sasa kosa. Kwa kutaka shiti ipendeze, nilifunika kila fomula kwa IFERROR, ili penye #N/A paonekane 0. Ikawa safi kama sahani ya Idi. Nilikuwa nimesahau niliyoyaandika mwezi wa nne.

Mjomba ana desturi yake: kila Ijumaa anajumlisha daftari kwa mdomo, taratibu, kidole kikishuka ukurasa. Ijumaa hii akapata zaidi yangu kwa 7,215. Nilibishana naye. Akajumlisha tena, akapata ile ile. Tukalinganisha mstari kwa mstari: wateja sita wapya hawakuwa kwenye orodha ya namba, VLOOKUP haikuwapata, IFERROR ikawaandikia 0. Wiki tatu walikuwa wanakopa bure.

Nikabadilisha 0 kuwa neno "KAGUA". Nikadhani nimemaliza, kisha nikakumbuka 3,500/=. KAGUA ni maneno. SUM itapita juu yake kimya, jumla itakuwa pungufu vile vile, na mimi niko mwisho wa shiti siioni. Kwa hivyo juu kabisa, kando ya jumla, nimeweka =COUNTIF(F2:F500,"KAGUA"), inayohesabu KAGUA ziko ngapi, na rangi nyekundu ikiwa zaidi ya 0. Ikiwa nyekundu, jumla haisomwi.

7 Septemba: Hali ilipofikia

Matumizi mpaka leo: vifaa 19,500, sukari ya radhi 160, sukari iliyouzwa chini ya bei 1,350, na kuchapisha kurasa 38 saiba, 10 kwa ukurasa, 380. Jumla 21,390, bila bando. Zile 7,215 zimelipwa zote isipokuwa 600 za mtu mmoja aliyehamia Likoni.

Makro, yaani kuirekodia kompyuta kazi ili iirudie yenyewe, bado. Kwenye Calc kinasa makro huja kimezimwa, unakiwasha kwenye mipangilio ya juu (Advanced). Nimekiwasha, nikarekodi ya kuhifadhi nakala za jioni, ikawa inahifadhi kwa tarehe ya siku ile ile niliyorekodi, kila siku juu ya jana. Nimeifuta. Nahifadhi kwa mkono.

Daftari la chai halijastaafu. Kila Ijumaa tunalinganisha. Wiki iliyopita tulitofautiana kwa 40, na safari hii lilikosea daftari, mjomba alipohamisha jumla kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema nimpishe kwenye kiti, leo anataka kuingiza deni yeye mwenyewe.

Akachagua jina kwenye orodha. Akatafuta 5, akatafuta 0, akatafuta 0 tena ingawa ilikuwa pale pale. Kisha akamalizia kama alivyomalizia bei miaka yote: 500/=. Kompyuta ikakataa na kumtolea ule ujumbe niliouweka mimi: NAMBA PEKEE.

"Hii kompyuta yako," akasema, "haina adabu."

Nimeubadilisha. Sasa unasema: Tafadhali mjomba, namba tu.